Alishinda mbele ya umati, kombe likaenda kwa mwingine

HEBU fikiria, msomaji, siku ya kufunga shule. Wazazi mmeketi kwenye viti chini ya mti, jua linawaka, na mwalimu mkuu anasimama kumtangaza mwanafunzi bora. Wewe unajua fika ni mwanao, kwa kuwa alama zake umeziona kwa macho yako mwenyewe. Lakini jina linalosomwa ni la mtoto wa jirani. Anaitwa mbele, anapewa zawadi, anapigiwa makofi, anapigwa picha. Baadaye, watu wakishatawanyika na viti vikisharundikwa, mwalimu anakujia polepole na kukunong'oneza kwamba samahani, kulitokea makosa, nambari moja ni wako. Na zawadi je? Imeshakwenda na aliyepewa.

Ungemjibuje mwalimu huyo? Na mwanao ungemwambia nini mkiwa njiani kurudi nyumbani?

Yaliyomfika Wendell Scott, dereva wa mashindano ya magari kutoka Danville, jimbo la Virginia nchini Marekani, hayana tofauti kubwa na hayo. Ila yeye hakuwa mtoto wa shule. Alikuwa mwanamume wa miaka 42, mwenye mke na watoto saba, na siku hiyo ya Desemba 1, 1963 alikuwa ameshinda mashindano ya daraja la juu kabisa ya chama cha NASCAR. Hakuna Mmarekani Mweusi aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Sisi huku tulikuwa tunahesabu siku kumi na moja tu kabla ya bendera yetu kupandishwa.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Usiufananishe na Safari Rally, ambako magari huachiliwa moja moja yakashindane na saa huko porini. Kwa Wamarekani hawa, magari thelathini au arobaini huondoka kwa pamoja na kuizunguka njia ya mviringo mara mia mbili, mara mia tatu au zaidi, ubavu kwa ubavu, huku yakisukumana. Siku za Scott yalikuwa magari ya kawaida uliyoweza kuyanunua dukani, kama Chevrolet, Ford na Plymouth, yakakorogwa injini na kuimarishwa bodi. Chama chenyewe kiliundwa mwaka wa 1948 na Bill France, na wengi wa madereva wake wa mwanzo walikuwa wamejifunzia mwendo wa kasi katika kazi moja isiyotajwa kanisani, nayo ni kusafirisha pombe haramu usiku huku wakifukuzwa na polisi.

POLISI NDIO WALIOMTAJA

Scott naye alipitia chuo hicho hicho. Alizaliwa Agosti 29, 1921. Baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari ya matajiri wa Kizungu, na mtoto alijifunza ufundi kwa kutazama mikono ya babake. Danville ulikuwa mji wa viwanda vya pamba na tumbaku. Kijana mweusi aliyemaliza utoto wake hapo alijua anakoelekea: kiwandani, chini ya msimamizi. Scott aliapa kwamba hatakwenda huko. Aliacha shule, akaendesha teksi, akamwoa Mary Coles mwaka wa 1943, kisha akapelekwa vitani Ulaya kama fundi wa magari katika jeshi ambalo weusi na weupe walitengwa.

Aliporudi alifungua gereji. Lakini gereji ya mtu mweusi katika mji ule haikutosha kulisha nyumba iliyokuwa inajaa watoto, kwa hiyo usiku alibeba pombe ya magendo, ndugu yake chang'aa yetu. Alijitengenezea magari ambayo kwa nje yalionekana hoi na ndani yalikuwa na injini za kutisha. Mwaka wa 1949 alinaswa na akahukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Simtetei, sheria ni sheria. Lakini mapolisi wenyewe walikuwa wamemtambua kuwa mtu ambaye ukishaona taa zake za nyuma, ni afadhali urudi ukalale.

Hapo ndipo kinapotokea kisa ambacho ungedhani ni cha kutungwa. Mnamo 1952 waandalizi wa mashindano madogo ya eneo hilo, yasiyokuwa ya NASCAR, waliona viti vyao havijai. Wakapiga bongo: wakimtia dereva mweusi mmoja miongoni mwa Wazungu, watu watakuja kutazama kioja. Watampata wapi? Wakaenda kuuliza kituo cha polisi ni mtu mweusi gani anayeendesha kwa kasi zaidi mjini. Mapolisi hawakuhitaji kufikiria. Wakamtaja Wendell Scott.

Basi akaitwa kama kichekesho, na Mei 23, 1952 akashindana katika uwanja wa maonyesho wa Danville. Baadhi ya watazamaji walimzomea. Gari lake halikuwa na nguvu za kushinda siku hiyo. Lakini mwenyewe alijua, kuanzia dakika zile za kwanza, kwamba ameipata kazi yake ya maisha.

Siku iliyofuata alilifunga gari nyuma ya jingine akalivuta hadi Winston-Salem, North Carolina, kwenye mashindano ya NASCAR. Akakataliwa langoni.  Akaligeuza akarudi nyumbani, na machozi yalimtoka njiani. Akajaribu kwingine, akarudishwa tena; huko waliomkataa walimwambia gari linaweza kuingia, mradi liendeshwe na Mzungu. Alichofanya baada ya hapo ni kurudi kwenye mashindano madogo madogo yaliyomkubali, na siku kumi na mbili tu tangu aanze mchezo huu, akashinda mbio fupi mjini Lynchburg.

Leseni ya NASCAR aliipata baadaye, kupitia afisa mmoja wa chama aliyekuwa akisimamia mashindano huko Richmond. Afisa huyo, Mike Poston, alimweleza waziwazi kwamba anakotaka kwenda hakuna aliyetayari kumpokea. Scott akatia sahihi. Kufikia mwaka wa 1959 alikuwa bingwa wa Virginia katika daraja lake, na mwaka wa 1961, akiwa na umri wa miaka 39, akapanda daraja la juu kabisa. Huo ni umri ambao madereva wengine huwa wanafikiria kustaafu.

NYUMBA NZIMA GEREJINI

Sasa, mama unayesoma ukurasa huu huku unangoja chai ichemke, sehemu hii ni yako. Vitabu vya michezo humwandika dereva peke yake, kana kwamba alishuka kutoka mbinguni na gari lake. Ukweli ni kwamba kazi ya Scott ilikuwa kazi ya nyumba nzima.

Madereva wakubwa wa wakati huo waliungwa mkono na makampuni yaliyounda magari. Walikuwa na injini mpya, mafundi wa mshahara na magurudumu mapya kila mbio. Scott hakuwahi kupata mfadhili mkubwa wa kudumu naye. Alinunua magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine, akaokota spea mahali pa kutupia vyuma vikuukuu, akafunga tairi ambazo wenzake walikwisha kuzichoka. Alikuwa fundi wa jua kali hasa, kama hao unaowajua, anayeweza kukufufulia injini ambayo wewe umeshaikatia tamaa.

Mafundi wake walikuwa wanawe. Wavulana, Wendell mdogo na Frank, walikulia chini ya magari, mikono imejaa grisi tangu utotoni. Katika mashindano haya gari husimama katikati ya mbio ili litiwe petroli na kubadilishwa magurudumu, na timu ya kitajiri huifanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Kwa Scott kazi hiyo ilifanywa na watoto na marafiki wachache waliojitolea. Ilitokea hata akasimamisha gari, akashuka mwenyewe, akashughulika nalo, kisha akapanda tena kuwafukuza waliomwacha.

Na safari je? Mchezo huu ulikuwa hasa wa majimbo ya kusini, na huko mtu mweusi hakuweza kuingia hoteli yoyote aliyoiona barabarani wala kuketi katika mkahawa wowote. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi huo ilikuja Julai 1964. Kwa hiyo familia ilibeba chakula kutoka nyumbani, na mara nyingi gari ndilo lililokuwa kitanda. Mary hakuwa mtazamaji wa mambo haya. Mume anayeishi kwa mchezo wa hatari, watoto saba, fedha zinazokuja kwa bahati: kila mama anaweza kuipiga hesabu hiyo bila kalamu.

Ukitaka kuelewa kwa nini Scott hakushinda mara nyingi, anzia hapo hapo kwenye hesabu ya jikoni. Katika mbio hizi kila nafasi ina malipo yake. Anayemaliza wa nane hupata kidogo, lakini aliyevunja injini akishindana kuongoza hupata karibu na bure, na injini nyingine hana. Kwa hiyo Scott aliendesha kwa akili ya mtu anayetakiwa kurudi nyumbani na unga. Alilitunza gari, akaepuka ajali, akaacha wenye injini za bure wazichome. Wapo waliomsukuma makusudi wakijua hana fedha za kutengeneza bodi, naye mara nyingi alilazimika kumeza hasira. Alijua kwamba ngumi moja ingewapa sababu waliyokuwa wakiitafuta ya kumwondoa.

Kwa njia hiyo alishiriki mbio 495 za daraja la juu, na katika 147 alimaliza miongoni mwa kumi wa kwanza. Mwaka wa 1966 alikuwa wa sita katika jumla ya pointi za mwaka mzima. Kwa tairi kuukuu! Mimi si mtaalamu wa magari, lakini nafasi hiyo ya sita naiona kubwa kuliko makombe mengi ya watu wengine.

SAA MBILI ZA KUSUBIRI

Turudi Jacksonville, Florida, siku ile ya Desemba 1963. Njia ilikuwa ya udongo, nusu maili kwa mzunguko mmoja, na walitakiwa kuizunguka mara 200. Njia ya namna hiyo huchimbika kadiri magari yanavyopita, ikawa mashimo matupu, na gari bovu haliwezi kujificha. Scott alikuwa katika Chevrolet ya bluu yenye nambari 34 ubavuni, aliyoinunua kutoka kwa dereva mwenzake, Ned Jarrett.

Richard Petty, ambaye baadaye angekuwa mfalme wa mchezo huu kwa ushindi mara 200, alikuwa mbele. Kisha gari lake likaanza kuumwa. Ikiwa imebaki mizunguko 25, Scott akampita. Akaendelea kuzunguka akiwa wa kwanza, akaimaliza mizunguko yake 200, akangoja bendera ya mwisho ipungwe. Haikupungwa. Akazunguka tena. Na tena. Mizunguko 202.

Bendera iliposhuka hatimaye, ilimshukia Buck Baker. Baker, Mzungu, alipelekwa mahali pa washindi, akakabidhiwa kombe, akapigwa picha. Scott alilalamika kwamba yeye ndiye aliyeshinda, tena kwa mizunguko miwili mizima. Wasimamizi wakaketi kuhesabu karatasi zao. Saa mbili zikapita. Watu walipokwisha kwenda zao, ndipo wakakubali kwamba kweli, mshindi ni Scott. Alilipwa fedha za mshindi, dola elfu moja na ushei. Lakini kombe lilikuwa limekwenda na Baker, na mpaka leo halijulikani liliko.

Tuwe waadilifu, msomaji. Siku hizo mizunguko ilihesabiwa kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, na makosa yalikuwa mengi. Mwaka wa 1959 mbio kubwa za Daytona zilichukua siku tatu kumpata mshindi, na mwishowe aliyetangazwa kwanza akapokonywa ushindi na kupewa Lee Petty, baba yake Richard. Mwaka huo huo, huko Atlanta, Richard alitangazwa mshindi na babake mzazi akakata rufani dhidi yake, akashinda! (Chakula cha jioni katika nyumba hiyo sijui kilikuwaje.) Kwa hiyo kosa la hesabu lingeweza kuwa kosa tu.

Lakini mizunguko miwili si tofauti ya kupotea machoni. Scott mwenyewe aliamini hadi kufa kwake kwamba kila mtu uwanjani alijua nani ameshinda. Desturi ilikuwa mshindi apokee kombe na busu kutoka kwa binti mrembo wa mashindano, na binti huyo alikuwa Mzungu. Mwaka wa 1963, Florida, mbele ya umati, mwanamume mweusi apigwe busu na binti wa Kizungu? Waliokuwa na mamlaka, alisema Scott, hawakutaka picha hiyo ipigwe. Nami nikitazama jinsi kombe la Lee Petty lilivyompata baada ya siku tatu, na la Scott halikumpata kabisa, naona hoja yake ina uzito.

Majuma kadhaa baadaye alipewa kitu cha kufutia machozi: kipande cha mbao, kidogo, kisicho na fahari, ambacho watoto wake wamekizungumzia kwa uchungu maisha yao yote. Mtoto aliyelala katika gari usiku kucha ili baba ashindane hahitaji kuelezwa maana ya kipande kile cha mbao.

TALLADEGA

Hakushinda tena. Aliendelea kwa miaka kumi zaidi, na kila mwaka pengo kati yake na wenye fedha lilizidi kupanuka, kwani njia mpya zilikuwa ndefu na za kasi kubwa, na kasi hununuliwa. Mnamo 1973, akiwa na miaka 51, alijitosa katika deni akapata gari la Mercury lililokuwa bora kuliko mengi aliyowahi kumiliki. Akaenda nalo Talladega, Alabama, mwezi wa Mei. Mbio zilikuwa changa bado wakati magari ishirini na moja yalipogongana katika moshi na vumbi. Scott alitolewa akiwa amevunjika nyonga na mbavu. Gari likawa chuma chakavu, na deni likabaki.

Aliposhika usukani tena mwezi wa Oktoba, huko Charlotte, alimaliza wa 12. Hapo akafunga ukurasa, akarudi gerejini Danville. Mwaka wa 1977 Hollywood ikatoa filamu juu ya maisha yake, Greased Lightning, mchekeshaji Richard Pryor akimwigiza yeye na Pam Grier akiwa Mary. Scott aliugua saratani ya uti wa mgongo, akafariki Desemba 23, 1990, siku mbili kabla ya Krismasi. Alikuwa na miaka 69. Kombe hakuliona.

Familia haikunyamaza. Watoto, na baadaye wajukuu, waliendelea kudai. Mwaka wa 2010 wapenzi wa mchezo huko Jacksonville waliwatengenezea mfano wa kombe lile. Mwaka wa 2015 jina la Scott liliingizwa katika Jumba la Mashujaa la NASCAR mjini Charlotte, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuingia humo. Familia ilishukuru, lakini NASCAR yenyewe ilikuwa bado haijawakabidhi kombe la ushindi ule. Hatimaye Agosti 28, 2021, huko Daytona, mbele ya watazamaji, viongozi wa chama wakalikabidhi kwa familia. Kesho yake Scott angetimiza miaka 100. Miongoni mwa waliolipokea alikuwa Frank, yule mtoto wa grisi mikononi, sasa mzee.

Wiki tano baadaye, Oktoba 4, 2021, dereva mmoja wa timu inayomilikiwa kwa sehemu na Michael Jordan, yule wa mpira wa vikapu, alikuwa anaongoza mbio mvua ilipoanza kunyesha. Mbio zilisimamishwa kwenye mzunguko wa 117 kati ya 188, na madereva wakangoja kuona kama njia itakauka. Dereva huyo aliitwa Bubba Wallace, mtu mweusi wa pili kushinda katika daraja hilo, karibu miaka 58 baada ya Scott. Mahali penyewe palikuwa Talladega. Mvua haikukatika, wasimamizi wakamtangaza mshindi, na kombe akakabidhiwa siku hiyo hiyo.